Rangi Isiyotulia: Ugumu wa Kupata Mng'ao Katika Magari Madogo ya Mfano

Bodi ya gari la mfano la kipimo cha 1/24, yenye urefu wa sentimita 19 hivi, ikishapigwa rangi na kuwekwa chini ya taa huonyesha kasoro zake mara moja, kwa sababu taswira ya taa juu ya boneti ama hubaki na kingo zilizo wazi, ama huvunjikavunjika ikawa doa jeupe lisilo na umbo. Katika hali hiyo ya pili rangi yenyewe yaweza kuwa ya glosi, imekauka bila vumbi wala michirizi, na bado gari likaonekana kuwa kipande cha plastiki kilichopakwa rangi badala ya gari lililotoka kiwandani.

Kasoro hiyo mafundi wa rangi huiita ganda la chungwa, yaani uso uliojaa vilima na vibonde vidogo ambavyo mkono hauvigundui kwa urahisi lakini mwanga huvifichua vyote. Imewakatisha tamaa waundaji wengi wa magari ya mfano, nao aghalabu huilaumu chapa ya rangi wakanunua nyingine, ilhali chanzo chake kwa kawaida hakimo ndani ya kopo.

Wataalamu wa rangi hutenganisha mambo mawili ambayo jicho huyachanganya. La kwanza ni mng'ao wenyewe, ambao hupimwa kwa kuangalia kiasi cha mwanga unaorudi kwa pembe maalumu, mara nyingi nyuzi 60, ukilinganishwa na ule unaorudishwa na kioo cheusi kilichopewa alama 100. La pili ni uwazi wa taswira, yaani jinsi kitu kinavyoonekana bila kuvunjika kinapoakisiwa na uso huo. Gari la mfano linaweza kupata alama nzuri katika jambo la kwanza na kushindwa kabisa katika la pili, na hilo la pili ndilo linaloamua kama jicho litaamini kwamba linatazama gari.

Ufundi uliolipiwa karo

Juhudi za kupata rangi ya namna hiyo zilianza kabla ya vifurushi vya plastiki vya kuunganisha. Kuanzia mwaka 1930 hadi 1968, Fisher Body, tawi la General Motors lililotengeneza bodi za magari, liliendesha nchini Marekani shindano la vijana lililojulikana kama Fisher Body Craftsman's Guild. Hapo mwanzo washiriki waliunda mfano wa kigari cha farasi cha enzi ya Napoleon, na baadaye wakaanza kubuni na kuunda magari ya kipimo cha 1/12, wakiyachonga kwa mbao au kuyamimina kwa plasta na kuyapaka rangi kwa mikono yao wenyewe.

Zawadi zake zilikuwa fedha za masomo ya chuo. Chuck Jordan, aliyeshinda mwaka 1947 na kupata dola 4,000, aliajiriwa baadaye na General Motors, akapanda ngazi hadi kuongoza idara ya usanifu wa magari ya kampuni hiyo. Ubora wa umaliziaji haukuwa pambo la ziada katika shindano hilo, kwa kuwa mstari wa bodi uliobuniwa vizuri hausomeki kama mwanga hauwezi kuteleza juu yake bila kukatika.

Mwaka 1958 kampuni ya AMT ilipoanza kuuza vifurushi vya magari ya plastiki vya kipimo cha 1/25, kazi hiyo iliingia katika nyumba za watu wa kawaida. Leo kitovu chake ni mkoa wa Shizuoka nchini Japani, yaliko makao ya kampuni za Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi, na ambako kila mwezi Mei hufanyika maonyesho makubwa ya mifano. Bodi inayotoka katika kifurushi cha kisasa huwa imetengenezwa kwa usahihi mkubwa, hivyo sehemu kubwa ya tofauti kati ya gari la kuvutia na gari la kusikitisha imehamia kwenye rangi.

Kioevu kinachoshindana na saa

Rangi inayotoka kwenye brashi ya upepo, yaani kalamu ya kupulizia inayosukumwa na hewa ya kompresa, huufikia uso wa bodi ikiwa matone madogo mno, na kila tone linapotua huungana na jirani yake kulingana na umajimaji uliobaki ndani yake. Nguvu inayoyasawazisha ni mvutano wa uso, ile tabia ya kioevu kujikusanya ili kupunguza eneo lake la nje. Kinachoipinga nguvu hiyo ni mnato, yaani uzito wa mtiririko, nao huongezeka kila sekunde kadiri thina, yaani kimiminika cha kulainishia rangi, inavyovukia hewani.

Mwaka 1962 mtafiti S. E. Orchard alichapisha hesabu ya jinsi rangi mbichi inavyosawazika, ambayo wanakemia wa rangi wanaitumia hadi leo. Kwa mujibu wa hesabu hiyo, kasi ya kusawazika huongezeka kwa kipeo cha tatu cha unene wa tabaka, kiasi kwamba tabaka lenye unene maradufu husawazika mara 8 kwa haraka zaidi. Umbali kati ya kilima na kilima nao hutenda kinyume kwa kipeo cha nne, kwa hiyo mawimbi yaliyoachana maradufu huhitaji muda mara 16 ili yatoweke.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini tahadhari ya kawaida ndiyo inayozaa kasoro. Mtu anayeogopa rangi isitiririke huirudisha nyuma brashi, huongeza shinikizo la hewa na kupuliza tabaka nyembamba moja baada ya nyingine. Matone yake husafiri njia ndefu, hupoteza thina angani na kutua yakiwa nusu makavu, kisha kila tabaka jipya hulala juu ya vilima vya tabaka lililotangulia. Tabaka hizo nyembamba hazina unene wa kujisawazisha, na kuzirudia mara nyingi hakuziponyi.

> Tabaka lenye unene maradufu husawazika mara 8 kwa haraka zaidi. Ndiyo maana woga wa michirizi ndio unaozaa ganda la chungwa.

Kwa upande mwingine, unene huohuo unaosawazisha ndio unaoivuta rangi chini kwa uzito wake, na mlango wa gari uliosimama wima hauwezi kubeba kile kinachobebwa na paa lililolala. Kati ya tabaka kavu mno na tabaka linalotiririka kuna nafasi finyu, na ufundi wote wa kupuliza ni kuijua nafasi hiyo kwa jicho: uso unaolowa mara moja, ukaakisi taa mfululizo nyuma ya brashi inapopita, bila rangi kujikusanya kwenye ukingo wa chini.

Ziko njia za kuipanua nafasi hiyo, na iliyo bora kuliko zote ni kupunguza kasi ya kukauka. Thina zenye kichelewesha, yaani kiyeyushi kizito kinachochukua muda mrefu kuruka, huiacha rangi ikiwa kioevu kwa muda wa kutosha kujisawazisha. GSI Creos na Tamiya, zote za Japani, huuza thina za aina hiyo kwa ajili ya lakeri, ambazo ni rangi zinazokauka kwa kupoteza kiyeyushi peke yake. Rangi za enameli, kama zile zilizoipa jina Humbrol ya Uingereza, hukauka polepole zaidi kwa sababu baada ya kiyeyushi kuondoka huendelea kukomaa kwa kuvuta oksijeni, kwa hiyo husawazika vizuri lakini huwa windo la vumbi kwa saa nyingi.

Wanaotumia makopo ya kupulizia hupata nafuu kwa kuliweka kopo katika maji ya uvuguvugu, kwa kuwa gesi iliyomo hupoa inapotoka na shinikizo likapungua, matone yakawa makubwa na yasiyolingana. Maji hayo hayapaswi kuwa ya moto, kwani makopo hayo huandikwa onyo dhidi ya joto linalozidi nyuzi 50 za Selsiasi.

Hewa nayo ina neno lake. Kiyeyushi kinachoruka haraka hunyonya joto kutoka kwenye uso wa rangi, na uso huo ukipoa kuliko kiwango cha umande, mvuke wa hewani hugandamana juu yake ukaacha ukungu mweupe unaoua mng'ao wote. Mafundi wa rangi za magari wa Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar hawahitaji kufundishwa jambo hilo, kwa kuwa wanafanya kazi katika hewa yenye unyevu mwingi karibu mwaka mzima, na dawa yao, thina inayokauka polepole na kungoja saa ambayo hewa imekauka kidogo, ndiyo dawa ya muundaji wa gari la sentimita 19 vilevile.

Kabla ya glosi

Rangi ya glosi haifichi kitu, na mkwaruzo wa msasa ulioonekana kutoweka chini ya praima ya kijivu, yaani rangi ya kutangulizia, hurudi mara tu uso unapoanza kuakisi. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mng'ao hutafutwa kabla ya rangi yenyewe kufunguliwa: kuosha bodi kwa sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani, kusawazisha mishono ya plastiki kwa msasa, kupuliza praima, kuisugua kwa msasa wa maji, na baada ya hapo kutoigusa tena bodi kwa vidole vitupu. Alama moja ya mafuta ya kidole inatosha kuifanya rangi ikimbie na kuacha kitundu cha mviringo, kwa kuwa kioevu hakikai mahali ambapo mvutano wa uso umevurugwa.

Ukali wa viyeyushi ni hatari nyingine. Polistirini, plastiki inayotumika katika vifurushi vingi, huyeyushwa na viyeyushi vya rangi nyingi za magari halisi, nayo ikipulizwa rangi hizo bila praima hutokewa na mtandao wa nyufa ndogo ambao hauwezi kurudishwa nyuma. Bodi iliyomiminwa kwa plastiki nyekundu ina hila yake pia, kwani rangi yake huweza kupanda kupitia lakeri nyeupe na kuifanya ya waridi siku kadhaa baada ya kazi kudhaniwa imekwisha.

Kina cha kioo au kipimo cha kweli?

Hapa ndipo waundaji wanapogawanyika. Kundi moja hutaka gari lionekane kana kwamba limetoka majini sasa hivi, na hufikia lengo hilo kwa tabaka nene za klia, yaani rangi angavu isiyo na kirangi, inayopulizwa juu ya rangi ya msingi. Kundi la pili hujibu kwamba gari halisi haliko hivyo, kwamba hata magari mapya ya kifahari yana ganda lake la chungwa, na kwamba gari la mashindano la miaka ya 1960 lililopakwa karakanani halikuwahi kuwa kioo. Kwa hao, mng'ao uliozidi ni uongo wa kipimo.

Hoja hizo mbili zina ukweli, lakini zinapimika, na vipimo vyake vinasaidia zaidi kuliko ubishi. Vyombo vya viwanda vya magari huyagawa mawimbi ya uso wa rangi katika mafupi, ya milimita 0.3 hadi 1.2, na marefu, ya milimita 1.2 hadi 12. Wimbi la milimita 12 likipunguzwa mara 24 hubaki na nusu milimita tu. Kinyume chake, ganda la chungwa lenye mawimbi ya milimita 2 kwenye gari la mfano ni sawa na bodi halisi yenye mawimbi ya takriban sentimita 5, kitu ambacho hakuna kiwanda kingekiruhusu kipite mlangoni.

Umbali wa kutazama huongeza uzito wa hoja hiyo. Mfano unaotazamwa kutoka sentimita 30 ni sawa na gari linalotazamwa kutoka mita 7.2, na kutoka umbali huo ganda la chungwa la kiwandani haliwezi kuonekana. Kwa gari la barabarani, basi, wanaotafuta uso laini wako upande wa haki, na kauli kwamba ganda la chungwa la mfano ni uhalisia haisimami.

> Rangi yenye unene wa mikromita 100 juu ya mfano wa 1/24 ni sawa na rangi yenye unene wa milimita 2.4 juu ya gari halisi.

Katika suala la unene, hata hivyo, wanaotetea kipimo ndio wenye nguvu. Rangi yote ya gari halisi, kuanzia praima hadi klia, kwa kawaida huwa na unene wa mikromita 100 hadi 150, mikromita moja ikiwa sehemu ya elfu ya milimita. Ili mfano wa 1/24 ufuate kipimo, ungepaswa kubeba mikromita 4 hadi 6 tu, jambo lisilowezekana kwa rangi yoyote inayofunika.

Matokeo ya unene huonekana kwanza kwenye mianya ya milango. Mwanya wa mlango wa milimita 5 hubaki na milimita 0.2 tu ukipunguzwa kwa kipimo, na rangi ya mikromita 100 ikilala juu ya kila ukingo wake itauziba wote. Watengenezaji huipanua mianya hiyo kidogo, na waundaji makini huichimba zaidi kwa ncha ya chuma kabla ya praima, lakini klia iliyomwagwa kwa ukarimu hufuta kazi hiyo, ikajaa kwenye pembe za nembo na kuyafanya madirisha yaonekane yamezungukwa na ute. Gari la namna hiyo hung'aa sana, na bado jicho hulikataa bila kujua sababu.

Rangi za metali zina mgogoro wao, nao unafanana na huo. Kipande cha alumini cha mikromita 20 ndani ya rangi ya gari halisi hakionekani kwa macho, lakini juu ya mfano wa 1/24 huwa sawa na kipande cha karibu nusu milimita, ndiyo maana rangi halisi ya dukani, hata iwe na namba sahihi ya kiwanda, mara nyingi hufanya gari dogo lionekane limemwagiwa unga wa vioo. Rangi zilizosagwa laini zaidi kwa ajili ya mifano hutoa fedha tulivu inayofuata mkunjo wa bodi.

Hadena na mapafu

Njia inayosifiwa zaidi kwa sasa ni klia ya poliurethani ya sehemu mbili, ileile ambayo gereji huiita tuuke, ambayo huchanganywa na hadena, yaani kigumishi, na kukauka kwa mmenyuko wa kikemia badala ya kupoteza kiyeyushi tu. Kwa kuwa haisinyai sana inapokauka na hubaki kioevu kwa muda mrefu, hujisawazisha kwa urahisi, na tabaka moja au mawili huweza kutoa taswira safi bila kusuguliwa. Sifa hizo ni za kweli, na ndizo zinazoifanya hatari yake ipuuzwe.

Hadena hiyo ina isosianeti, kundi la kemikali ambalo ni miongoni mwa visababishi vikuu vinavyojulikana vya pumu itokanayo na kazi. Mwili ukishazoeshwa vibaya na kemikali hizo, kiasi kidogo mno chaweza kuleta shambulio la pumu, na hali hiyo inaweza kudumu maisha. Harufu haiwezi kutegemewa kuwa onyo, kwa kuwa kiwango chenye madhara ni kidogo kuliko kile ambacho pua inakigundua, na ukungu wake usioonekana hubaki chumbani baada ya brashi kuzimwa.

Barakoa ya vumbi haizuii mvuke huo. Kinga inayotumika katika karakana zilizodhibitiwa ni kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, ndani ya chumba chenye kivuta hewa, na tangu tarehe 24 Agosti 2023 Umoja wa Ulaya unawataka wafanyakazi wa viwandani na mafundi wa kitaaluma wanaotumia bidhaa zenye zaidi ya asilimia 0.1 ya kemikali hizo wapate mafunzo kwanza. Mtu anayepuliza gari la mfano jikoni au chumbani, mahali ambapo watoto watalala usiku huo, hana hata kimoja kati ya hivyo.

Suala hili linawagusa pia wasomaji ambao hawajawahi kushika gari la mfano. Klia na hadena zilezile hupulizwa kila siku katika gereji za Gerezani jijini Dar es Salaam na katika miji mingine mingi ya Afrika Mashariki, na kijana anayejifunza rangi akiwa amefunga kitambaa puani anavuta kitu kilekile, kwa wingi unaozidi sana ule wa mwenye brashi ndogo. Kwa fundi huyo kuna hoja ya riziki, na jawabu lake ni vifaa na usimamizi. Kwa anayeunda mfano kwa ajili ya burudani hakuna hoja yoyote inayotosha, na makala yoyote inayomsifia mng'ao wa tuuke bila kumweleza kuhusu isosianeti inamkosea.

Kazi ya msasa wa maji

Njia mbadala ipo, nayo hailazimishi uchaguzi kati ya uso laini na tabaka jembamba. Lakeri angavu, kwa mfano TS-13 ya Tamiya, hupulizwa kwanza kwa ukungu mwepesi ili isiharibu stika, kisha kwa tabaka moja au mbili zilizolowa, nayo ikishakauka kabisa husuguliwa kwa msasa laini na maji. Lakeri pia ina moshi unaodhuru na huhitaji kivuta hewa pamoja na barakoa yenye kichujio cha mvuke, ila hatari yake haina ule mtego wa isosianeti.

Kukauka kabisa si kukauka kwa kugusa. Bodi ambayo bado inatoa harufu ya thina ikiletwa karibu na pua bado inapoteza kiyeyushi, na ikisuguliwa wakati huo itasinyaa baadaye na kuirudisha mistari ya msasa iliyokuwa imeondolewa. Wiki moja ya kusubiri ndani ya sanduku lililofunikwa dhidi ya vumbi si nyingi, na enameli huhitaji zaidi.

Msasa wa namba 2000 huanza kwa kukata vichwa vya vilima, ambavyo hugeuka kuwa madoa yasiyong'aa yaliyozungukwa na vibonde ving'aavyo, na kazi huendelea hadi uso wote ufanane na kioo kilichofifia. Kuanzia hapo namba hupanda hatua kwa hatua, kisha hufuata dawa za kung'arishia, ambazo Tamiya huziuza katika ngazi tatu zenye vifuniko vyekundu, buluu na vyeupe, hadi mikwaruzo inayobaki iwe midogo kuliko urefu wa mawimbi ya mwanga, ambao ni mikromita 0.4 hadi 0.7, nayo ikaacha kuutawanya.

Hatari iko kwenye kingo. Mvutano wa uso huivuta rangi mbichi mbali na kila pembe kali, kwa hiyo mstari wa bodi unaopita ubavuni na midomo ya mianya ya milango huwa na rangi nyembamba kuliko sehemu nyingine yoyote, na ndiyo sehemu ambayo kidole chenye msasa huikandamiza zaidi. Waundaji wazoefu huzifunika kingo hizo kwa utepe mwembamba wakati wa kusugua sehemu bapa, huziacha bila kuguswa na msasa, na kuzimalizia kwa kitambaa chenye dawa laini peke yake.

Majaji wa maonyesho ya mifano wangeisaidia sana kazi hii kama wangelitazama gari kwa pamoja katika mambo hayo mawili: kama taa inasomeka bila kuvunjika juu ya boneti, na kama mwanya wa mlango bado uko wazi kuanzia juu hadi chini. Gari linalotimiza la kwanza kwa kulipoteza la pili lisipewe alama ya rangi bora, hata liwe linang'aa kuliko yote mezani.